Maji yapimwe mferejini, si kisimani tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu maji ya kunywa ya Unguja na Pemba. Kipimo kinachomlinda mnywaji ni kile kinachochukuliwa mferejini anapotekea, tena mara kwa mara, na matokeo yake yakabandikwa pahala anapopita. Cheti cha kisima ni lazima kiwepo, lakini watu hawanywi kisimani. Wanakunywa maji ya kwenye dumu, na baina ya kisima na dumu kuna tangi, kuna paipu za miaka mingi, kuna viungio vinavyovuja, kuna mota za majumbani, na kuna makaro ya vyoo.

Nianze na ardhi yenyewe. Visiwa vyetu havina ziwa wala mto mkubwa wa kutegemea. Maji yetu mengi yanatoka chini. Mji wa Unguja ulianza na chemchem za upande wa kaskazini, ambazo Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alizivutia paipu hadi mjini. Leo mzigo mkubwa umebebwa na visima vya kuchimba, na vingi vinachota maji yaliyokaa ndani ya jiwe la matumbawe. Kwenye mchanga na udongo mzito maji yanashuka polepole, na vijidudu vingi vinakufa au kunaswa njiani. Kwenye uwanda, yaani ardhi ya jiwe la matumbawe, hakuna kichujio cha namna hiyo. Jiwe lina nyufa na mapango, na uchafu uliomwagika juu unaweza kufika kwenye maji ya chini katika muda wa saa au siku chache tu. Kwa hiyo ile kanuni ya kuweka mita 30 baina ya choo na kisima haiwezi kuaminiwa peke yake kwenye jiwe. Masika ikianza, maji ya juu yanaingia moja kwa moja mapangoni, na kisima kilichotoa maji maangavu mwezi wa Februari kinaweza kutoa maji ya ukungu yenye bakteria wa kinyesi mwezi wa Aprili. Anayepima kiangazi tu amekipima kisima kikiwa katika hali yake nzuri kuliko zote.

Hata kisima kikiwa safi mwaka mzima, maji ya zamu yana hatari yake. Paipu iliyojaa maji yenye nguvu inavujia nje, na uchafu haupati njia ya kuingia. Maji yakifungwa nguvu inashuka, na kama paipu imelala kwenye udongo uliolowa maji ya karo, tundu lile lile lililokuwa likitoa linaanza kuvuta. Kwenye mitaa iliyobanana, karo na paipu vinaweza kuwa hatua mbili tatu tu. Hali inazidi kuwa mbaya nyumba inapofunga mota moja kwa moja kwenye paipu ya mtaa, kwa sababu mota ile inavuta cha ndani ya paipu na cha nje yake, na uchafu ukishaingia kwenye paipu ya mtaa ni wa mtaa mzima. Njia ya salama ni kuacha maji yaingie kwa nguvu yake kwenye tangi la chini, kisha mota ivute kutoka tangini kwenda juu. Kwa maoni yangu, hili ni la kukaguliwa nyumba kwa nyumba bila ya kuoneana haya.

Kinga ya paipu ni klorini inayobaki. Dawa ikitiwa tangini, sehemu yake inaliwa na uchafu uliomo, na inayosalia, ambayo wataalamu wanaiita klorini huru, inasafiri na maji hadi nyumbani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unataka baada ya dakika 30 za kuchanganyika, pH (kipimo cha uasidi wa maji) ikiwa chini ya 8, ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita, na yakifika mferejini isipungue 0.2. Ukomo wa juu wa kiafya ni miligramu 5 kwa lita, ingawa watu wengi huanza kulalamikia ladha hata kabla ya kufika moja. Vimelea vya kipindupindu, maradhi yaliyotutoa machozi hapa zaidi ya mara moja, ikiwemo mlipuko wa 2015 na 2016, vinakufa upesi kwa klorini. Kwa hiyo msomaji akiambiwa kuwa mfereji wa mtaani kwake unasoma 0.3, ajue ipo kinga iliyofika mpaka mlangoni. Ukisoma sifuri ilhali tangini kumetiwa dawa, basi baina ya tangi na mfereji ule pana kitu kimeila, na hicho ndicho cha kutafutwa siku hiyo hiyo.

Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Ni kisanduku kidogo cha kulinganisha rangi chenye vichupa, na vidonge vya DPD namba 1, dawa inayoyageuza maji yenye klorini kuwa ya waridi. Mfereji unafunguliwa, maji yanaachwa yapite dakika moja au mbili, kichupa kinasuuzwa mara tatu kwa maji hayo hayo, kinajazwa hadi alama ya mililita 10, kidonge kinatiwa na kuyeyushwa, kisha rangi ya waridi inasomwa ndani ya dakika moja. Makosa yanayoharibu kazi hii yanajulikana. Kidonge kikishikwa kwa vidole kinachafuka. Msomaji akichelewa, rangi inaendelea kukolea na kumdanganya. Akitumia DPD namba 3 pamoja na namba 1, anasoma jumla ya klorini yote, pamoja na ile iliyokwisha kushikana na uchafu na yenye nguvu ndogo tu. Maji yakibebwa kwenye chupa hadi ofisini, klorini inapotea njiani, kwa hiyo ni lazima yasomwe pale pale. Na lipo kosa moja la hatari kuliko yote: dawa ikizidi sana, kiasi cha miligramu 10 kwa lita na zaidi, rangi inaweza kufifia kabisa, na kichupa kikaonekana cheupe kama kwamba hamna dawa. Asiyejua ataongeza nyingine. Ukiwa na shaka, changanya sehemu moja ya maji hayo na tisa ya maji yasiyo na klorini, pima tena, kisha zidisha kwa 10.

Kipimo cha bakteria ndicho kinachotaka uangalifu zaidi, na wengi wanakiharibu kabla ya kufika maabara. Chupa inatoka maabara ikiwa imeuliwa vijidudu, na ndani mna thiosalfeti ya sodiamu kidogo. Kazi yake ni kuizima klorini mara maji yanapoingia. Bila ya hiyo, klorini itaendelea kuua bakteria ndani ya chupa njia nzima, na karatasi ya matokeo itaandikwa sifuri isiyo ya kweli. Kwa hiyo chupa hii haisuuzwi. Mfereji unaondolewa mpira wowote uliochomekwa, unafutwa, unachomwa kwa moto wa spiriti kama ni wa chuma au kusuguliwa kwa spiriti kama ni wa plastiki, kisha maji yanaachwa yapite. Kizibo kinabaki mkononi, mdomo wake ukitazama chini. Chupa inajazwa na kuachiwa nafasi ya hewa juu ili maabara waweze kuitikisa. Lebo inaandikwa pale pale: pahala, tarehe, saa, na klorini iliyosomwa. Kisha inaingia kwenye sanduku la barafu, baina ya nyuzi 2 na 8, na inatakiwa ifike maabara ndani ya saa 6. Ikishapita saa 24 imwagwe, ichukuliwe nyingine.

Hizo saa 6 ndizo zinazotupa shida sisi watu wa visiwani. Sampuli ya Kojani, Kisiwa Panza au Tumbatu inasubiri chombo, na chombo kinasubiri maji. Ratiba iliyopangwa ofisini bila ya kuangalia bamvua na maji mafu, yaani bahari inapojaa na kutoka sana au kidogo, italeta chupa zilizokwisha pata moto. Kwa visiwa vidogo ni bora kutumia sanduku la kupimia la kubebeka, maji yakachujwa huko huko na kuanza kuoteshwa siku ile ile.

Ndani ya maabara, mililita 100 zinapitishwa kwenye karatasi ya kuchujia yenye matundu ya maikromita 0.45. Karatasi inalazwa juu ya chakula cha bakteria na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 44 kwa saa 18 hadi 24, kisha vidoa vilivyoota vinahesabiwa. E. coli, bakteria wa kinyesi, haitakiwi kuonekana hata moja. Joto hilo halina mzaha: umeme ukikatika usiku na kabati likapoa, matokeo ya kundi zima yanatupwa, wala haiandikwi sifuri. Na kila kundi liende na chupa moja ya maji yaliyouliwa vijidudu. Hiyo ikiota kitu, basi tatizo limo maabara au mikononi mwa mchukuaji.

Sasa nije kwa anayetia dawa, kwani bila ya yeye hayo yote ni kuhesabu hasara. Unga wa klorini unaotumika sana unakuwa na nguvu ya asilimia 65 hadi 70 unapotoka kiwandani. Kwenye joto na unyevu wetu, pipa lililofunguliwa na kufungwa ovyo linapoteza nguvu. Chukua tangi la lita 100,000 linalohitaji miligramu 1.5 kwa lita: ni gramu 150 za klorini, yaani gramu 231 za unga wa asilimia 65. Kama unga ule umeshashuka hadi asilimia 50, zinahitajika gramu 300. Fundi anayetia kikombe kile kile cha mwaka jana anatia pungufu bila ya kujua, na hana lawama kama hakupewa kipimo.

Njia ya kujua kiasi sahihi ni ya ndoo nne, na kila kituo kingeifanya walau mara moja kwa mwezi, na kila mvua kubwa inaponyesha. Tengeneza maji ya dawa ya asilimia 1 kwa gramu 15 za unga wa asilimia 65 kwenye lita moja, uyaache yatulie, utumie maangavu ya juu. Jaza ndoo nne zisizo za chuma, lita 20 kila moja, kwa maji ya kisima. Tia mililita 1 ya dawa kwenye ya kwanza, 2 kwenye ya pili, 3 kwenye ya tatu na 4 kwenye ya nne, ambazo ni sawa na miligramu 0.5, 1, 1.5 na 2 kwa lita. Koroga, subiri dakika 30, pima kwa DPD. Ndoo iliyobakiwa na 0.5 ndiyo inayokupa kiasi cha tangi. Kama ni ya mililita 3, tangi la lita 100,000 linataka lita 15 za dawa hiyo. Kama tangi linapeleka maji mbali, chagua ndoo iliyobakiwa na zaidi kidogo, kisha ukahakikishe kwenye mfereji wa mwisho. Maji yakiwa na ukungu wa zaidi ya NTU 5 (NTU ni kizio cha kupimia ukungu), dawa nyingi inaliwa na tope na vijidudu vinajificha ndani yake. Hapo dawa peke yake haitoshi, na ni afadhali kisima kile kifungwe kwa muda mpaka maji yatulie.

Jambo jingine la kwetu khasa ni ugumu wa maji. Maji ya jiwe la matumbawe yana chokaa nyingi, ile ile inayoganda ndani ya birika. Ikikutana na dawa, inaganda kwenye mpira mwembamba wa mashine ya kudondoshea dawa, na kuuziba. Mashine inaendelea kulia, taa inawaka, na dawa haishuki. Kwa hiyo mpira na kichwa chake visafishwe kwa siki au asidi hafifu kila vinapoanza kushika chokaa, lakini kwanza visuuzwe kwa maji mengi, kwa sababu asidi ikikutana na klorini inatoa gesi inayoweza kuua. Unga nao usiwekwe chumba kimoja na dizeli, mafuta au grisi. Vikigusana unaweza kushika moto.

Yapo yasiyotibika kwa klorini. Naitreti inatokana na makaro, samadi na mbolea, na kiwango cha WHO ni miligramu 50 kwa lita. Kwa mtoto mchanga anayelishwa kwa chupa ni hatari kubwa: damu inashindwa kubeba oksijeni na midomo inageuka buluu. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua kwa mvuke, naitreti iliyobaki inazidi kuwa kali. Msomaji wa karatasi ya maabara aangalie pia namna ilivyoandikwa. Baadhi ya vipimo vinasoma naitrojini tu iliyomo ndani ya naitreti, na hapo ukomo ni 11. Anayeona 12 akadhani iko mbali na 50 amekosea, kwa sababu 12 ya naitrojini ni 53 ya naitreti. Dawa yake ni kuchanganya na maji ya kisima kingine chenye kidogo, au kukifunga kile, na kuyashughulikia makaro ya jirani.

Chumvi ina hesabu yake. Maji matamu ya kisiwa yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyomo chini ya jiwe, na kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba kama mita 40 chini yake. Ukiivuta hiyo mita moja kwa mota kubwa, unayaita maji ya chumvi yapande. Maji ya bahari yana takriban miligramu 19,000 za kloraidi kwa lita, kwa hiyo asilimia 2 tu ikichanganyika inaongeza 380, na watu wanaanza kuhisi ladha karibu na 250. Kwa visima vya mashariki na kaskazini ya Unguja, na vya upande wa Micheweni, kipimo cha mkononi cha upitishaji umeme, ambao unapanda chumvi ikizidi majini, kinatosha: kisomwe kila wiki na kiandikwe pamoja na saa za kuvuta. Namba ikipanda wiki hata wiki, punguza saa au weka mota ndogo kabla mtu hajaonja chumvi.

Madini ya risasi, aseniki, floraidi na mabaki ya dawa za mashamba vipimwe kisima kinapofunguliwa, na baadaye kwa mpango wa muda mrefu. Risasi inataka maji ya mwanzo ya asubuhi, kwani mara nyingi inatoka kwenye viungio na mifereji yenyewe.

Sampuli ngapi zinatosha? Kwa wakaazi zaidi ya 500,000, mwongozo wa WHO unataka sampuli 12 za bakteria kwa kila watu 50,000 kwa mwaka, na kuongeza 600. Sensa ya 2022 iliuhesabu Mkoa wa Mjini Magharibi kuwa na watu 893,169. Tukiuchukulia kama mtandao mmoja, ni sampuli 814 hivi kwa mwaka, yaani kama 68 kwa mwezi. Mji wa watu 40,000 unahitaji 12 kwa kila watu 5,000, ambazo ni 96 kwa mwaka, nane kwa mwezi. Hizo ni za bakteria; klorini isomwe kila siku. Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA) ndiyo inayotoa maji, na ni haki yake kujipima, lakini mnywaji anahitaji pia jicho la pili kutoka Wizara ya Afya na kwa ZURA, mdhibiti wa huduma za maji na nishati aliyewekwa na sheria ya 2013, wakichukua sampuli zao wenyewe bila ya taarifa ya kabla.

Visima vya sadaka navyo visisahauliwe. Kuchimba kisima ni katika sadaka zenye kuendelea, na wengi wanavichimba misikitini na skuli kwa nia njema kabisa. Ninachowaomba wafadhili ni kuwa bajeti ya kisima iwe na fungu la kukipima kwa miaka mitano, kabla na baada ya masika, na mtu aliyefundishwa kutia dawa. Magari ya maji nayo yasomwe klorini pale yanapomwaga, ndoo ya kwanza na ya mwisho.

Ombi langu ni karatasi moja kwenye ubao wa ofisi ya kila sheha, inayobadilishwa kila wiki. Iwe na mifereji mitatu ya shehia ile, wa karibu na tangi, wa katikati na wa mwisho kabisa wa paipu, na kwa kila mmoja tarehe, saa, klorini, ukungu, na E. coli pale ilipopimwa. Mfereji ukisoma chini ya 0.2, pembeni iandikwe nini kimefanywa na lini umepimwa tena. E. coli ikionekana, watu waambiwe siku ile ile kwa vipaza sauti vya misikiti na redio jamii wachemshe maji mpaka yatokote kwa dakika moja, bila ya kungojea sampuli ya marudio. Sampuli za bakteria zinaweza kuja kwa zamu, lakini klorini haina sababu ya kusubiri: msaidizi mmoja wa sheha akifundishwa kwa asubuhi moja anaweza kuisoma. Kazi hii ianze na shehia zilizo mwisho wa paipu, na ianze kabla ya mwezi wa Machi.

Msomaji wako,
Chake Chake, Pemba